Mara Tatu

Saa nane za usiku, Bwera. Jenereta imenyamaza.
Bodaboda imeingia mpaka mlangoni pa wodi
na dereva hakungoja nauli.
Mgongoni mwa mama: Kabugho, miaka minane,
binti wa tatu, jina lenyewe limeshahesabu.
Mbavu zinaingia na kutoka
kama turubai la kibanda cha Mpondwe siku ya upepo.
Namuuliza, imeanza lini?
Anatoa neno moja, anatafuta hewa, anatoa jingine.
"Jana."
"Jioni."
Hicho nacho ni kipimo: hesabu maneno
kabla hujahesabu kitu kingine.

Sista Ithungu anatoboa kitako cha chupa ya maji
kwa waya wa moto, dawa ipate njia.
Mimi nimemsimamisha mtoto kwenye ukuta wenye mistari ya kalamu,
sentimita mia moja ishirini na moja,
maana chati haiulizi jina, haiulizi ukoo, inauliza kimo tu.
Ilichorwa kwa watoto wa nchi nisiyoijua,
waliopuliza wakiwa wazima, asubuhi, wameshakunywa chai.
Inasema: huyu, mia mbili kumi na tano.

Kipimapumzi ni bomba la plastiki, mshale mwekundu ubavuni.
Tuliletewa viwili. Kimoja kilitembea.
"Vuta pumzi mpaka mwisho, bana midomo, halafu puliza
kama unazima mshumaa wa keki."
Akanitazama.
Keki ipi?
Aibu hiyo naiandika hapa, fomu haina nafasi yake.
Na ya pili, kubwa zaidi: namwomba aliyeishiwa
anipe kilichobaki, chote, kwa mkupuo mmoja,
ili nijue amepungukiwa kiasi gani.

Mama ndiye aliyesema, kwa Kikonzo,
kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie:
"Puliza kama kuni mbichi."

Lo, huyu anajua.
Mashavu yalijaa, shingo ikatoa kamba,
kama kila alfajiri juu ya mafiga,
majivu yanaruka, moto unagoma,
moshi unamrudia machoni, unamshukia kifuani.
Ustadi ule ule uliomleta kwangu.
Themanini.
Tena. Sabini.
Tena, mama, ya mwisho. Themanini na tano.
Tunaandika iliyo kubwa. Ndiyo sheria,
na katika sheria zote za nyumba hii
hiyo peke yake sijawahi kuigombania.

Dawa. Dakika ishirini. Dawa.
Chupa ya maji inafanya ukungu, inasafishika, inafanya ukungu.
Mia moja na kumi.
Filimbi iliyo kifuani mwake imeshuka sauti,
halafu imepanda, na nimefurahi,
kwa sababu kifua kilichonyamaza kabisa ndicho ninachokiogopa.
Saa kumi na moja, mia moja sitini na tano.
Amesema sentensi nzima: anataka chapati,
si ya jana.

Mama aliuliza hiyo namba ni ya nini.
Nilianza na mirija, na uvimbe, na asilimia.
Akanyoosha mkono katikati ya maneno yangu,
akachukua bomba, akalipangusa kwa leso,
akapuliza.

Mshale ulikwenda kidogo ukasimama
mahali ambapo mwanamke wa miaka thelathini na mbili
hapaswi kusimama.
Nikatazama fomu.
Jina la mtoto, kimo cha mtoto, umri wa mtoto.
Nje mtu alikuwa ameshawasha mkaa wa chai ya wauguzi,
na harufu iliingia bila kubisha hodi.

Mama akanirudishia kifaa, anacheka kidogo, kikohozi kikakatiza.
Kabugho akakaa kitako kitandani.
"Bado," akasema. "Ni mara tatu, mama.
Puliza tena."